Sufuri Nane

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili nimepewa na ofisi niandike ndani yake majina ya wagonjwa. Kwa kuwa wagonjwa bado hawapo, nitaandika yangu.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna ugonjwa unaitwa kala-azar. Unaletwa na usubi, kidudu kidogo kuliko mbu, kisicho na kelele, kinachojificha kwenye vichuguu vya mchwa kule chini Bonde la Kerio. Huku juu Kaptagat, kwenye baridi na misitu, hakiishi. Lakini watu wa Kaptagat wana mbuzi kule chini, wana mashamba, wana nyanya na shangazi, kila mara wanashuka na kupanda. Mwaka jana wagonjwa wawili walifika hospitali ya mjini Eldoret wakiwa karibu kufa, na wote waliandikisha kwamba wanakaa Kaptagat. Ndipo mradi ukaanza. Mimi, Naomi Nyaguthii wa mtaa wa Kapsoya mjini Eldoret, miaka thelathini na moja, nimechaguliwa kupita boma kwa boma nikiuliza maswali matatu: Kuna mtu ana homa ya zaidi ya wiki mbili? Amekonda? Tumbo limevimba? Akipatikana, nimtoboe kidole, niweke tone la damu kwenye kipimo, ningoje dakika kumi.

Kila Jumatatu kabla ya saa sita natuma hesabu kwa simu. Wakoli, msimamizi wangu, anasema hata kama hakuna mgonjwa lazima nitume.

"Usiponitumia kitu nitadhani umelala. Kimya si ripoti. Tuma sufuri."

Anapenda sufuri sana huyu mwanaume. Nafikiri hata chai yake anaipima kwa sufuri.

Jumatano, 12 Machi

Boma kumi na nne. Saba wamenifungulia, watano wamenijibu wakiwa ndani ya nyumba bila kutoa hata kichwa, wawili wamenifungulia mbwa.

Kambi ya wanariadha ndiyo mbaya kuliko zote. Lango la buluu, juu yake wameandika kwa rangi nyeupe jina la kocha, Kipkirui, na mwaka alioshinda mbio huko Ulaya. Aliyekuja langoni ni mpishi wao, Mama Esther, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwiko mkononi bado una ugali. Nikamwambia natoka idara ya afya. Akaangalia mkoba wangu.

"Ndani kuna nini?"

"Vipimo, Mama."

"Vya damu?"

"Tone moja tu. La kidole."

Akageuka akaita, "Askari!" Nilidhani anaita bawabu. Askari ni mbwa, tena mkubwa. Nimeacha kipande cha sketi yangu kwenye ua wao wa seng'enge.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Watu wote wako shambani wanapanda mahindi. Hakuna mwenye muda wa kuulizwa habari za tumbo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetuma sufuri.

Jumatano, 19 Machi

Leo kocha mwenyewe alikuja langoni. Mrefu, mkavu, na macho yake yanakuangalia kwa kukupima kama saa. Hakunisalimia.

"Sisi tunajua nyinyi. Mnakuja bila appointment, mnataka damu, mnaandika majina. Mwaka juzi watu wa doping walikuja hapa hivyo hivyo wakaondoka na jina la kijana wangu. Akafungiwa kukimbia miaka minne. Na alikuwa amekunywa dawa ya kikohozi tu!"

"Mimi si wa doping, Kocha. Natafuta kala-azar."

"Hiyo ni ya watu wa chini. Hapa ni high altitude."

"Na wakimbiaji wako wote ni wa huku juu?"

Akaangalia daftari langu. Kisha akauliza, "Wewe ni wa wapi?"

"Kapsoya."

"Kabla ya Kapsoya."

"Burnt Forest."

"Ah," akasema, akafunga lango.

Nimetembea na hiyo "ah" mpaka steji ya matatu. Nilikuwa darasa la nane nyumba yetu ya Burnt Forest ilipochomwa katika vurugu za baada ya uchaguzi. Wiki moja kabla ya moto kuna watu walipita kijijini wakiuliza nani anakaa wapi, wakiandika. Kama kuna mtu katika nchi hii mwenye haki ya kuogopa daftari la majina, ni mimi. Lakini leo mimi ndiye mwenye daftari, na yeye ndiye anayeniangalia kwa hofu, na nakiri nilifurahia kidogo. Mungu anisamehe. Ama asinisamehe, ni yeye.

Jumatatu, 24 Machi

Sufuri.

Jumatano, 26 Machi

Nimefika nyumbani nikakaa kuandika kabla ya kuvua viatu.

Nilikwenda kambini saa nne, wakati wakimbiaji wanarudi kutoka mbio za asubuhi, nikijua lango litakuwa wazi. Nikaingia bila kuuliza. Kando ya tangi la maji nikamkuta msichana amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa jaketi kubwa la mwanaume, amejikunyata kwenye jua kama mtu anayesikia baridi. Uso umechongoka, mashavu hakuna. Nikamwambia jina langu, nikamuuliza lake.

"Jepchumba."

"Kwenu ni wapi, Jepchumba?"

"Chini. Kerio." Kisha, kwa haraka, "Nilienda Krismasi tu. Kusaidia na mbuzi."

"Una homa?"

Akalivuta jaketi. Nikafungua mkoba. Alipoiona sindano ya kutobolea kidole akasimama wima, jaketi likafunguka, na nikaliona tumbo. Limetokeza chini ya fulana kama la mwanamke wa miezi mitano. Aliliona jicho langu lilikotua. Akalifunga jaketi kwa mikono miwili.

"Nilimeza dawa za chemist," akasema. "Za homa. Sijui zilikuwa na nini ndani. Tafadhali, madam, usinipime, watanifungia." Akakimbia nyuma ya nyumba. Ilikuwa mbio mbaya kwa mwanariadha, ameshika ubavu.

Niandike nilichofikiri, kwa sababu hapa hakuna wa kunidanganya isipokuwa mimi. Sikufikiri kala-azar. Maswali matatu niliyokariri yalitoka kichwani yote. Nilifikiri: msichana wa miaka kama kumi na tisa, kambini, pamoja na wanaume. Nilifikiri: wengine hawaombi hata, na wanapewa. Mimi na mume wangu Mungai tumeomba mtoto miaka sita. Mara mbili Mungu alitupa, mara mbili akachukua. Nikashikwa na hasira isiyokuwa ya huyo mtoto hata kidogo.

Mama Esther akatokea jikoni na mwiko wake. Kocha akatokea ofisini. Wakimbiaji nao walikuwa wanaingia langoni, wamelowa, matope mpaka magotini.

"Mpelelezi!" kocha akapiga kelele. "Nani amekuruhusu uingie kwangu?"

Hapo nikasema. Nilisema kwa sauti ya kwaya, ile ya kufikia viti vya nyuma.

"Mimi ni mpelelezi? Nyinyi mnaficha msichana ana mimba, halafu mpelelezi ni mimi? Ndiyo maana hamtaki kupimwa! Mimba imejaa hapa ndani!"

Wote wakasimama. Hakuna aliyecheka. Mama Esther akashusha mwiko. Nikatoka na kichwa juu kama mtu aliyeshinda kesi, na safari hii hakuna aliyeniitia mbwa.

Jumatatu, 31 Machi

Sufuri. Mimba si kazi yangu.

Jumatano, 2 Aprili

Lango limefungwa kwa kufuli. Nimepita tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mtu wa boda aliyenibeba leo, ambaye hata hanijui, amenipa habari yangu mwenyewe.

"Madam, umeskia ya kambi? Kuna dem ako na ball. Wanasema ni ya coach."

"Nani anasema?"

"Kila mtu."

Mimi sikusema mimba ni ya kocha. Hilo wameongeza wao. Lakini sikumrekebisha, na nilipofika nyumbani nilimsimulia Mungai nikicheka. Mungai aliendelea kula. Baadaye akasema, "Huyo msichana ana wazazi?" Nikamwambia asiniharibie siku.

Jumatatu, 7 Aprili

Sufuri. Mvua kila alasiri. Gumboots zangu zimeanza kunuka.

Jumatatu, 14 Aprili

Sufuri. Wakoli ameniandikia: Kazi nzuri, endelea hivyo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tumeimba vizuri. Mama mmoja wa kwaya ameniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyefichua ile aibu ya kambi ya Kaptagat. Alinipa mkono kabisa. Nikasema, "Tunafanya kazi tu."

Jumatatu, 21 Aprili

Sikukuu, lakini sufuri haijui sikukuu. Nimetuma.

Jumatatu, 28 Aprili

Sufuri.

Jumanne, 29 Aprili

Tulikuwa na semina mjini. Daktari mmoja kijana, anayeongea haraka, alituonyesha picha ukutani. Mgonjwa wa kwanza mzee. Wa pili mtoto. Wa tatu msichana, wamemfunika macho kwa mstari mweusi. Mikono myembamba kama mpini wa jembe, mashavu hakuna, tumbo limetokeza.

"Muonavyo," daktari akasema, "si tumbo lote lililovimba. Ni wengu umevimba. Uko hapa, kushoto, chini ya mbavu. Mgonjwa atashika ubavu akitembea. Damu inapungua, kwa hiyo atasikia baridi hata juani. Kwa wasichana hedhi inaweza kusimama, na hapo ndipo watu hukosea."

Akauliza, "Asipotibiwa?" Mtu wa mbele akajibu, "Anakufa." Daktari akasema, "Karibu wote." Akabonyeza picha nyingine.

Sikula chakula cha mchana. Kilikuwa pilau.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda. Nimegonga lango mpaka mkono umeuma. Kocha alikuja mwishowe, hakufungua, aliongea kupitia upenyo wa bawaba.

"Huyo msichana yuko wapi?" nikauliza.

"Ameenda kwao."

"Kwao wapi? Nipe namba ya babake."

"Kwani hujatosheka? Bibi yangu hajaongea na mimi tangu Pasaka. Kanisani watu wanahama benchi. Sasa unataka namba ya babake, uende umwambie na yeye?"

"Kocha, nafikiri ni mgonjwa. Nafikiri nilikosea."

"Unafikiri," akasema. Nikasikia viatu vyake vikiondoka kwenye matope.

Ningeweza kumpigia Wakoli papo hapo. Ningeweza kwenda kwa chifu. Sikufanya hivyo kwa sababu ingebidi niseme nilimwona lini. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine, nimeitafuta.

Jumatatu, 5 Mei

Nimetuma sufuri. Ile ya leo nimeituma nikijua.

Jumatano, 7 Mei

Mvua ya mawe. Sikutoka.

Jumamosi, 10 Mei

Saa mbili asubuhi simu ikalia, namba ngeni.

"Wewe ni ule mama wa kidole?"

Nilimjua kwa sauti. Mama Esther. Alikuwa amepata namba yangu kwenye karatasi niliyobandika dukani mwezi wa tatu.

"Kuja," akasema. "Kuja na hiyo kitu yako. Mtoto anatoka damu mapua tangu jana, haisimami."

"Si mlisema ameenda kwao?"

"Ataenda kwao aje? Ulimwambia kila mtu ako na mimba. Babake ni mzee wa kanisa huko chini. Alilia, akasema afadhali afe kuliko arudi hivyo. Nimemficha kwa store ya viazi. Hata kocha hajui, anadhani aliondoka."

Nilikodi boda mpaka langoni na nikamwahidi dereva chochote anachotaka akikimbia. Mama Esther alinifungulia mwenyewe. Askari alikuwa amefungwa kamba. Tulipita nyuma ya jiko mpaka stoo.

Sitaandika yote. Alikuwa amelala juu ya magunia, blanketi mbili na lile jaketi, na pua imezibwa kwa kitambaa cha jikoni. Amebaki macho. Aliponiona akajaribu kugeukia ukuta na hakuweza.

"Wiki sita nimemlisha," Mama Esther akasema. "Uji, maziwa, mursik iliyoganda, supu. Hanenepi, anakonda. Nikasema hii mimba gani inakula mama? Jana nikamwosha, nikaweka mkono." Akanishika mkono wangu, akauweka chini ya mbavu za kushoto za msichana. Kitu kigumu, chenye ukingo, kimeshuka mpaka karibu na kitovu. "Nimezaa saba mimi. Mimba haikai upande moja."

Huyu ndiye mwanamke niliyemwandika hapa kama mtu wa mwiko na mbwa. Alilijua kwa mkono wake jambo ambalo mimi nilifundishwa kwa vitabu nikalisahau.

Nikamtoboa kidole. Damu ilikuwa nyepesi kama maji ya beetroot. Nikaweka tone, nikaweka dawa, nikaanza kungoja. Dakika ya nne mlango ukafunguka. Kocha. Alikuwa ameona boda langoni. Alimwangalia Jepchumba, akamwangalia mpishi wake. Kisha akakiona kipimo kwenye goti langu. Mstari mmoja ulikuwa umetokea, na sasa wa pili ulikuwa unajichora, polepole, mwekundu.

"Mistari mbili," akasema. "Kwa hivyo ni kweli. Ni kweli ako nayo. Na mimi nilikuwa nakutetea, Jepchumba, nilikuwa nawaambia huyu mama ni muongo!"

Jepchumba akaanza kulia bila machozi. Naye aliijua maana ya mistari miwili. Kila msichana anaijua.

"Nyamaza, Kocha!" nikasema. "Hiki si cha mimba. Mistari miwili hapa ni kala-azar. Ni ule usubi wa Kerio. Amekuwa akifa hapa ndani, na mimi na wewe tumelinda lango, mmoja nje, mmoja ndani. Leta gari."

Hakusogea. Nilidhani ataniita mwongo tena na nilikuwa tayari kumpiga, nasema kweli, nilikuwa nimeshatafuta kwa macho kitu cha kumpigia.

"Si doping?" akauliza.

"Leta gari!"

Akakimbia. Bado ana mbio.

Jumapili, 11 Mei

Wamemwongeza damu chupa mbili. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 12 Mei

Ameanza sindano. Ni siku kumi na saba mfululizo, na zinauma.

Kabla ya saa sita nikatuma: Moja. Wakoli akapiga simu saa hiyo hiyo, sauti imejaa furaha.

"Wa kwanza wa mradi, Naomi! Sasa jaza fomu vizuri. Kuna mahali wanauliza tarehe mgonjwa alionwa mara ya kwanza na mhudumu. Weka tarehe kumi Mei."

"Nilimwona kabla ya hapo."

"Uliona, lakini hukupima. Weka kumi. Alionwa siku hiyo, akapimwa siku hiyo, akafika hospitali siku hiyo. Hiyo ndiyo surveillance, kufuatilia ugonjwa."

Nikaweka kumi. Ilikuwa rahisi sana.

Jumapili, 18 Mei

Sindano ya saba. Nimekwenda wodini na machungwa. Homa imeshuka, anakaa mwenyewe, amesukwa nywele na mgonjwa wa kitanda cha pili. Mamake bado hajafika. Babake alipigiwa simu na hospitali, akasema yeye hana binti Eldoret.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Niliufanyia mazoezi njiani. Nilipomaliza kuusema alinitazama usoni. Ana macho makali huyu msichana, sikuwa nimeyaona.

"Hiyo umesema hapa," akasema. "Hapa tuko wawili."

"Ndiyo."

"Siku ile walikuwa watu ishirini. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nikachungulia, nikahesabu. Mama Esther, kocha, na wakimbiaji kumi na wanane. Uliniambia mbele ya watu ishirini."

"Jepchumba, nilikuwa na hasira, si wewe uliyenikasirisha. Mimi na mume wangu..."

"Sitaki kujua ya mume wako. Sema mbele ya watu ishirini. Kabla sijatoka huku. Usipofanya hivyo siwezi kurudi kambi, na siwezi kurudi kwetu, na hizi sindano wananidunga bure." Akayasukuma machungwa kando. "Na hizi peleka."

Nilitoka nikiwa nimekasirika. Mtu unamwokoa, unamletea machungwa, anakupa amri. Nikala chungwa moja stejini, mengine nikarudi nayo nyumbani.

Jumatatu, 19 Mei

Sufuri mpya. Mgonjwa wa zamani hahesabiwi tena.

Jumatano, 21 Mei

Sindano ya kumi. Mvua. Sikwenda Kaptagat.

Ijumaa, 23 Mei

Ya kumi na mbili. Mungai aliuliza kwa nini siimbi tena jikoni. Nikamwambia yote, tangu tangi la maji. Akazima jiko. Kisha akasema, "Uliwahi kuniambia ile wiki kabla ya moto watu walisema mambo kuhusu baba yako ambayo hayakuwa kweli. Kuna aliyerudi kusema hayakuwa kweli?"

Hakuna aliyerudi. Miaka yote hii nimengoja hata mmoja.

Jumatatu, 26 Mei

Ya kumi na tano. Nimekwenda ofisini nikaomba ile fomu. Nikakata tarehe kumi Mei kwa mstari mmoja, kama tulivyofundishwa, nikaandika juu yake 26 Machi, nikatia sahihi. Wakoli aliivuta akaisoma.

"Umerukwa na akili? Hizo ni siku arobaini na tano! Wafadhili watauliza ulikuwa unafanya nini."

"Nilikuwa nakutumia sufuri. Nane. Sita kati ya hizo zilikuwa za uongo."

"Watakufuta kazi."

"Wafute. Kimya si ripoti, si ulisema?"

Akaitia fomu kwenye faili, akafunga droo. Amezoea kupokea sufuri tu.

Jumatano, 28 Mei

Sindano ya mwisho ni leo saa kumi.

Nilifika kambini kabla ya saa nne, lango likiwa wazi, nikasimama ndani, palepale pa siku ile. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyotaka kuisha. Wakaanza kurudi, wawili, watatu, kundi. Waliponiona wakapunguza mwendo. Mmoja akatema mate karibu na gumboots zangu na akasema kitu kwa Kikalenjin ambacho sikuhitaji kutafsiriwa. Nikahesabu. Kumi na wanane. Mama Esther akaja na mwiko wake akasimama pembeni. Kumi na tisa.

"Kocha yuko wapi?"

"Kwa ofisi," Mama Esther akasema. "Alisema hataki kukuona."

"Nitangoja."

Wakimbiaji walikuwa wanatetemeka kwa jasho lililopoa. Mmoja akasema nimalize waende kuoga. Nikasema hapana, bado mmoja. Askari alibweka mpaka akachoka. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mwishowe mlango wa ofisi ukafunguka, kocha akatoka na kofia ya mvua, akasimama mbali, mikono kifuani.

Ishirini.

Nikasema kwa sauti ile ile, ya viti vya nyuma.

"Naitwa Naomi Nyaguthii. Tarehe ishirini na sita Machi nilisema hapa kwamba Jepchumba ana mimba. Nilisema uongo. Hakuwa na mimba, na kwa hiyo hakukuwa na baba wa mimba. Alikuwa na kala-azar. Ilikuwa kazi yangu kuijua na sikuijua, kwa sababu nilimwonea wivu kwa kitu ambacho hakuwa nacho. Karibu nimuue. Kama kuna mtu mlimwambia, mrudi mkamwambie hili pia. Na kama mmekuwa chini Kerio na mna homa, hapa nina vipimo, na haviendi kwa watu wa doping."

Mvua ilikuwa inalia kwenye mabati. Nilikuwa nimetarajia nini? Makofi?

"Umemaliza?" kocha akauliza.

"Nimemaliza."

"Funga lango ukitoka."

Nilikuwa nimeshika komeo aliponiita tena. Hakuniangalia, alikuwa anaangalia wakimbiaji wake. "Kipyego. Wewe ulikuwa Kerio mwezi wa kwanza. Hiyo homa yako imeisha?"

Kijana mmoja wa nyuma akatazama chini. Mama Esther akamshika shingoni kwa upole, akamleta mbele, na yeye akanyoosha kidole chake, amekasirika, uso ameugeuzia mbali. Tulingoja dakika kumi wote tukinyeshewa. Mstari mmoja. Nikamwambia kala-azar hana, lakini aende hospitali wamtazame hiyo homa, na wakimbiaji wengine wawili wakanyoosha vidole bila kuitwa.

Alhamisi, 29 Mei

Jepchumba anatoka leo. Nimemkuta amekaa kitandani, jaketi kubwa limekunjwa mapajani, mfuko wake tayari. Mama Esther alikuwa ameshampigia simu, lakini aliniuliza hivyo hivyo.

"Walikuwa wangapi?"

"Ishirini."

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Na kocha?"

"Alikuwa wa ishirini. Nilimngoja atoke."

Akafikiri. Mkono wake ulikwenda chini ya mbavu za kushoto, akagusa, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Sawa," akasema. "Sasa enda."

Nikaenda.